Habari Niliyompunguzia Shemeji

Shemeji yangu alikuwa mtu wa kutazama kola yako kabla ya uso wako. Ukimwamkia njiani, macho yake yanaanzia shingoni, yanashuka kwenye vifungo, yanafika kwenye pindo, ndipo anaitikia. Mtaani walimwita Mkunjo, kwa sababu ya ule mstari wa suruali yake uliosimama wima tangu asubuhi hadi anaporudi kutoka kazini. Wenye utani walisema nzi akitua pale anakatika miguu.

Alikuwa dobi. Kwa miaka thelathini na minne alifanya kazi katika hoteli kubwa, chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha ambamo mvuke ulitanda mpaka wafanyakazi wakatambuana kwa kikohozi. Alipofikisha sitini wakampa mkono wa kwaheri, soda moja, na cheti. Cheti chenyewe kilikuwa kimekunjwa vibaya. Alipofika nyumbani akakifunika kitambaa, akakipiga pasi, kisha akakaa akikitazama kwa muda mrefu.

"Nimenyoosha shuka za watu mpaka mgongo wangu ndio umejikunja," akatuambia mimi na dada. "Na hata foronya moja si yangu."

Dada ndiye mke wa Mkunjo, na mimi ni mdogo wake. Niliishi nao tangu nilipofiwa na mume wangu, kwenye chumba cha uani, nikishona nguo za shule. Wao hawakujaliwa watoto, kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu watatu na kelele zangu. Ndiyo, kelele. Jina langu la mtaani ni Filimbi. Mtu akinuka mdomo mimi ndiye ninayemwambia. Mchumba akiwa mwongo mimi ndiye ninayesema mbele ya wazee wake. Naomba mlikumbuke hilo kwa ajili ya yale yatakayofuata, maana mimi silisahau.

Mwaka uleule aliostaafu, mpishi mmoja aliyewahi kufanya naye kazi hotelini, akahamia nchi ya mbali, alimpigia simu. Katika mtaa wake kulikuwa na dobi mzee aliyetaka kupumzika. Hakuwa na wa kumrithi, anauza duka pamoja na mashine zake na chumba cha juu. Shemeji hakulala siku tatu. Siku ya nne akatangaza kuwa anauza kiwanja, anachukua na kiinua mgongo chake, anakwenda.

Nikawaka. "Shemeji, wenzako wa umri huu ndio wanarudi kutoka huko, wewe ndiyo kwanza unakwenda? Mtapishana uwanja wa ndege mpeane pole?"

"Wao walikwenda kutafuta," akasema. "Mimi nakwenda na changu mkononi."

"Na lugha yao?"

"Shati halina lugha."

Nilimgeukia dada nikitegemea aniunge mkono. Dada alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Mwache," akasema. "Tangu nimeolewa namwona akiamka kwenda kwa mtu. Nataka nimwone mara moja akiamka kwenda kwake."

Mpango ulikuwa mwepesi. Yeye atangulie. Dada atamfuata baada ya miezi sita, karatasi zake zikitoka, akae mbele kwenye kaunta, kwa sababu shemeji alijua kuzungumza na nguo na dada alijua kuzungumza na watu. Hicho ndicho alichokinunua hasa. Mashine zilikuwa njia tu ya kufikia hapo. Alitaka wao wawili wamalizie uzee chini ya paa moja, wakifanya kazi ambayo hakuna bosi wa kuwaita kwa kengele.

Siku ya kwanza dukani alituzungushia simu tukaona kila kitu. Mlango wa kioo wenye alama za vidole ambazo aliomba radhi kana kwamba ni zake. Mashine mbili za kufulia, moja ya kukaushia, pasi kubwa ya mvuke ya kukanyaga kwa mguu. Waya uliopita dari nzima, nguo zimetundikwa, kila moja ina namba ya kitambaa iliyobanwa kwa pini ndani ya pindo. Ngazi nyembamba ikapanda hadi chumbani, penye kitanda, jiko dogo na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Dada akauliza ukuta una rangi gani. "Kijivu," akasema shemeji. Dada akasema kijivu kinamkumbusha sare za jela. Jumapili iliyofuata chumba kikawa cha manjano.

Kisha kulikuwa na jambo la kaunta. Dada yangu ni mfupi, mfupi kweli, mimi nikimtania humwambia asimame nimwone. Kaunta ya dobi mzee ilikuwa ya mtu mrefu. Shemeji alichukua msumeno akakata miguu yake, kiasi cha kiganja kizima, ili mkewe akija aone wateja usoni. Tatizo ni kwamba mkewe alikuwa bado huku, na yeye ni mrefu kama mlingoti. Akawa anapokea nguo za watu kwa kuinama, siku nzima, mwezi baada ya mwezi.

"Mgongo unakuuma," dada akamwambia kwenye simu.

"Unakuuma wewe au unaniuma mimi?"

"Nakuona unavyosimama, mzee."

"Basi fanya haraka uje usimame wewe."

Lugha aliipata kupitia madoa. Maneno yake matatu ya kwanza yalikuwa doa, kola na kesho, na kwa hayo matatu akaendesha biashara miezi miwili. Wateja walimzoea. Kulikuwa na bibi mmoja aliyeleta sweta lilelile kila wiki, safi kabisa. Shemeji akalifua hivyohivyo. "Nadhani hana mtu mwingine wa kumwambia kesho," akatueleza. Alikuwa na sheria moja aliyotoka nayo hotelini, na wala hakuipinda: nguo ya mtu ni amana, hailali kwenye duka lililofungwa. Kama anafunga, hata kwa siku moja, kila nguo iwe imekwisha kwenda kwa mwenyewe. Hata alipopata homa alishuka ngazi kwa makalio akafungua mlango, kwa sababu kulikuwa na suti ya mtu wa usaili wa kazi.

Miezi sita ikapita, karatasi za dada hazijatoka. Ikawa saba, ikawa nane. Mwezi wa tisa dada akaanza kuacha chakula. Mwezi wa kumi nikamwona macho yake yamekuwa ya njano, nikamburuta hospitali huku akinitukana. Walimpima wiki nzima. Daktari mwanamke, mpole, akatuketisha akatuambia ni ini, na kwamba limeshafika mbali.

Tulipotoka pale dada alinishika mkono. "Mume wangu asijue."

"Dada, ni mumeo."

"Atauza duka kesho asubuhi. Namjua. Atarudi hapa kukaa kwenye kochi kunitazama ninavyokufa, kisha nikishakufa atatazama nini? Asijue."

Ningeweza kubisha, na kubisha ni kazi yangu. Lakini katika ukoo wetu habari mbaya hazipelekwi nzima. Baba yetu alipigiwa simu ofisini kuambiwa mwanawe wa kiume amegongwa na gari. Akaanza kushuka ngazi, hakufika chini kwa miguu yake. Tulizika wawili wiki ile. Tangu hapo tukajifunza kukata habari vipande. Aliyefariki anaumwa. Anayeumwa amechoka. Aliyechoka hajambo. Mtu akiwa mbali ndiyo kabisa, anapewa kile cha kumeza bila maji. Tuliita hiyo huruma.

Kwa hiyo tukaanza. Dada akasema kamera ya simu yake imeharibika, akawa anazungumza kwa sauti tu, ili yale macho yasionekane. Sauti ilipofifia tukasema mafua. Na mwezi wa kumi na moja, kama kwa kebehi, karatasi zikatoka, zimegongwa mihuri yote. Dada alizisoma kila mstari, akapitisha kidole kwenye picha yake, akaziweka kwenye droo chini ya taulo.

"Njoo basi," shemeji akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyeambiwa kesho ni sikukuu.

"Ngoja mvua zipungue."

Mvua zilipungua. Akasema ngoja jino ling'olewe. Jino ambalo halikuwapo likang'olewa. Kisha ikawa ngoja nimsaidie Filimbi na sare za shule, muhula unaanza. Jioni moja shemeji akanipigia mimi peke yangu.

"Shemeji, niambie. Dada yako amenichoka?"

"Akuchoke kwa lipi? Hebu acha utoto."

"Nilimwacha peke yake uzeeni. Labda amezoea."

"Anakuja, bwana. Wanawake tunachelewa hata kwenda sokoni, sembuse ng'ambo."

Akacheka. Mimi nikakata simu, nikajifunika uso kwa shati la shule nililokuwa nashona.

Jumatatu moja dada akashindwa kuinuka, tukampeleka hospitali akalazwa. Daktari akaniita pembeni, akasema tuhesabu siku, tusihesabu wiki. Jumanne asubuhi, wauguzi walipomaliza kubadilisha shuka, dada akaniita karibu. Mdomo wake ulikuwa mkavu, nikaulowesha kwa pamba.

"Mpigie," akasema. "Mwambie nakufa."

"Dada..."

"Usiseme naumwa. Usiseme nimechoka. Nakujua. Sema nakufa, aje nimwone. Nilikosea kumficha. Sema nakufa."

Alilitaja neno lile mara tatu ili nisije nikalibadilisha njiani. Nikatoka ukumbini nikasimama karibu na dirisha, pale wanapopanga viti vya magurudumu. Saa nne kasoro. Nikapiga.

"Shemeji! Habari za huko?"

"Nzuri," nikasema. Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nzuri. Neno lilitoka lenyewe, kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani. "Nzuri tu, shemeji. Dada hajisikii vizuri kidogo. Anasema ukipata nafasi, ungekuja kumwona."

Yeye si mjinga, na ametoka kwenye watu walewale niliotoka mimi. "Shemeji, niambie kweli. Ni kitu kikubwa? Nakuuliza wewe kwa sababu wewe huna breki. Wewe ukisema ni kidogo, ni kidogo."

Na mimi, Filimbi, niliyemwambia mchungaji mbele ya watu kwamba mahubiri yake ni marefu, nilicheka. Nilicheka, wasomaji wangu. "Aa, ni hizi homa za umri huu. Amekukumbuka tu, anadeka."

Nilimsikia akishusha pumzi. "Basi sikiliza. Ndege zinaondoka Jumanne na Ijumaa. Ya leo jioni ningeiwahi, lakini nina nguo arobaini na tatu za watu humu, na gauni la bibi harusi wa Jumamosi. Siwezi kufunga na nguo za watu. Ijumaa mchana nitakuwa nimekabidhi zote, jioni napanda. Mwambie Ijumaa. Na mwambie kama ni kudeka, nikifika ataipata."

Nilikuwa na nafasi bado. Neno lenyewe ni fupi. Nikasema, "Sawa shemeji, usijali."

Nikarudi wodini. Dada alikuwa amekaza macho mlangoni. "Anasemaje?"

"Yuko njiani," nikasema.

Mnaona? Uongo ukishapata kiti hauombi ruhusa ya kulala. Tangu Jumanne mpaka Jumamosi shemeji yangu alikuwa njiani. Jumatano dada aliniuliza amefika wapi, nikasema anabadilisha ndege. Alhamisi nikasema kuna ukungu. Alikataa dawa ya usingizi ili asije akafika akamkuta hajitambui. Aliomba nimvalishe gauni la kijani badala ya lile la wodi. Ijumaa alfajiri akaniuliza, kwa sauti ambayo nililazimika kuweka sikio kwenye mdomo wake, "Hiyo nchi ni mbali kiasi hicho?"

"Ni mbali, dada."

"Sikujua nimemwachia aende mbali hivyo."

Ijumaa jioni shemeji akapanda ndege kweli. Jumamosi, jua likichomoza, dada yangu akafa, amegeukia upande wa mlango.

Nilikwenda kumpokea mimi na jirani yetu mwenye teksi. Alitoka na sanduku moja na mfuko wa karatasi ngumu uliokunjwa vizuri, zawadi ya mkewe. Alikuwa amekonda, na alitembea kwa kuinama kidogo, kwa sababu ya ile kaunta. Aliponiona alianza kutabasamu, halafu macho yake yakafanya kama kawaida yao, yakashuka kwenye nguo zangu. Nilikuwa nimevaa gauni lililolaliwa siku mbili. Tabasamu likakaa pale usoni bila mwenyewe.

"Twende nyumbani kwanza," nikasema.

Njia nzima alishikilia ule mfuko mapajani.

Alimwahi maiti, hakumwahi mke. Tulizika Jumapili. Watu walikuja, wakakaa, wakasema yale ambayo watu husema, wakaondoka na viti vyao. Hakulia mbele ya mtu. Alisimama mlangoni akiwashukuru waliokuja, na niliona akinyoosha kola ya mzee mmoja bila kujua kuwa anafanya hivyo.

Alhamisi mchana nikamkuta sebuleni ameweka blanketi juu ya meza. Anapiga pasi nguo za dada, zile ambazo tulikubaliana tuwagawie ndugu kesho yake. Alikuwa amezifua zote kwa mkono. Nikakaa kwenye kochi nikaanza kuzikunja kadiri anavyonipa. Tulifanya kazi hivyo labda nusu saa, na kwa nusu saa hiyo nikadhani tutaweza kuishi.

"Shemeji," akasema, hakuniangalia. "Yeye mwenyewe alisemaje? Siku zile za mwisho. Kuhusu mimi."

Nilikuwa na blauzi mkononi. Nikamtazama alivyoinama pale, mtu wa miaka sitini na mmoja asiye na mke wala mtoto, nikaona kwamba nikimwambia ukweli nitamwua. Basi nikampa kipande. "Alisema usihangaike. Umalize kazi yako kwanza, uje kwa nafasi."

Pasi ikapita kwenye mkono wa gauni, ikarudi.

"Kwa hiyo hakuniita."

Nikaikunja ile blauzi.

"Nilidhani hivyo," akasema. Hakuwa na hasira. Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyepokea jibu alilokwisha kulijua. "Karatasi zilitoka, hakuja. Alikuwa anatafuta maneno ya kunificha, mara mvua, mara jino. Na alikuwa na haki. Nilimwacha, nikafuata mashine. Ningekuwa yeye na mimi nisingeniita."

Huruma yetu hiyo. Nilikuwa nimemwondolea kifo nikampa hiki. Na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa ule uanze mdomo wangu ukafanya kazi iliyoupa jina.

"Alikuita," nikasema. "Shemeji, alikuita. Alisema nikwambie anakufa. Alilitaja neno hilo mara tatu ili nisilibadilishe, nikalibadilisha mimi. Alikataa dawa ili asilale ukifika. Kila siku aliuliza umefika wapi, nikamwambia umo njiani. Siku nne nzima alikutazamia mlangoni. Alikuwa anakutaka wewe tu."

Nikaanza kulia kwa sauti, hovyo, kama ninavyofanya kila kitu. Shemeji alisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani, akauzungusha kwenye mpini taratibu hadi ukaisha. Kisha akavuta kiti akakaa, mikono yake mikubwa ikiwa juu ya magoti. Nilisubiri anipige. Nilitaka anipige.

"Ulipiga Jumanne," akasema.

"Jumanne. Saa nne kasoro."

"Na yeye alisema asubuhi ileile."

"Asubuhi ileile."

Nje watoto walikuwa wanatoka shule, na sauti zao zikapita dirishani mpaka zikaisha.

"Mashine za kufulia zilikuwa zimekufa," akasema. "Zote mbili, umeme ulizipiga Jumatatu. Nilikuwa namsubiri fundi, hakuja mpaka Jumatano jioni. Sikukwambia, nilihofia nitawatia wasiwasi." Alinitazama usoni, usoni kabisa, macho hayakushuka popote. "Jumanne sikuwa na kazi yoyote, shemeji; zile nguo ningewarudishia wenyewe kabla ya jioni. Ulipopiga nilikuwa nimekaa tu. Nilishinda nimekaa hivi, mpaka ndege ikaondoka."